Walishinda vita, wakapoteza lugha

Desemba nilienda ushago nikiwa na kazi moja tu kichwani: kumrekodi Susu. Nikamkalisha chini ya mwembe, nikaegemeza simu kwa debe, nikamwambia, "Susu, niambie mlikuwa mnaishi aje mvua ikikataa." Akaongea dakika 40 bila kunywa hata maji. Mimi nilikuwa nimekaa hapo natingisha kichwa, naitikia "ii, ii", kama mtu anayeelewa kila kitu.

Nikarudi Kitui mjini, nikafungua ile klipu nianze kuiwekea maandishi ya Kiswahili kwa chini. Dakika ya tatu nikakwama. Nikarudisha nyuma. Nikasikiza tena. Wasee, kulikuwa na maneno manne ambayo sikuyajua. Na haya hayakuwa maneno ya kina ya wazee wa baraza. Yalikuwa ya chakula na ya njia: *mwee*, *muvya*, *ikumbi*, *kuthuua*. (Kikamba kina irabu saba, keyboard yangu inajua tano za Kiswahili, kwa hivyo nimeandika bila vile vikofia vya juu. Mnisamehe.)

Nikampigia simu. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza, "Kwani wewe ni Mkamba wa wapi?"

Nimekaa na hilo swali tangu siku hiyo. Na kwa sababu mimi nikiulizwa swali sijui kulala, nilianza kusoma Kikamba kimefika wapi nje ya hapa kwetu. Wale wa Shimba Hills tunawajua. Wale wa Rabai pia, walikuwa wameshafika huko kabla ya wamisionari kina Krapf kujenga hapo 1846. Lakini kuna jina nilikutana nalo ambalo sikuwa nimelisikia maisha yangu yote, na ndilo limenifanya niandike hii: Wadhaiso.

Chukua ramani. Toka Kitui, shuka Mombasa, vuka Likoni, nenda mpaka Lunga Lunga, ingia Tanzania kwa Horohoro. Ukiendelea ndani kidogo, upande wa milima ya Usambara, utakuta Bwiti na Daluni, leo ni Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Majirani wa hapo wanaongea Kidigo, Kisambaa, Kibondei, na Kiswahili cha Tanga kile laini. Na katikati yao kuna watu wachache wanaongea Kidhaiso. Wengine huandika Kidaiso au Kidaisu.

Sasa, Kidhaiso si ndugu wa hao majirani, isipokuwa ule undugu wa mbali wa lugha zote za Kibantu. Ndugu zake wa karibu wako huku: Kikamba, Kikuyu, Kiembu, Kimbeere, Kitharaka, Kimeru. Kuna mtaalamu aliitwa Malcolm Guthrie, aliyezipa lugha za Kibantu namba. Kikamba alikipa E55. Kidhaiso ni E56. Yaani kwenye orodha tunafuatana kama nyumba mbili za ploti moja, lakini kwa ardhi kati yetu kuna mamia ya kilomita, Tsavo nzima na mpaka wa nchi.

Mtu atauliza, wanajuaje? Mimi niliacha chuo, sitajifanya profesa. Ila wazo lenyewe si gumu. Sisi tunasema *mbua*, Wakikuyu wanasema *mbura*, Waswahili wanasema mvua. Sisi tunasema *wia*, Wakikuyu *wira*, na maana ni kazi. Kikamba kimeangusha ile r, na si mara moja, kimeiangusha kwa mpangilio. Mipangilio kama hiyo ndiyo wataalamu wanafuata, pamoja na sarufi na yale maneno ya kawaida ambayo watu hawaazimi ovyo. Ukikuta mipangilio ya Mlima Kenya inaishi chini ya Usambara, lazima kuna watu walitembea.

Anayejulikana zaidi kwa kufuata hii stori ni Derek Nurse. Mwaka 1982 aliandika makala kuhusu Wasegeju na Wadaisu, akaweka masimulizi ya wazee upande mmoja na ushahidi wa lugha upande mwingine. Mwaka 2000 akatoa kitabu kizima kuhusu lugha mbili zilizobadilishwa na majirani. Moja ni Kiilwana cha Mto Tana, ya pili ni Kidhaiso. Hata jina lenyewe limefuatiliwa: Dhaiso linahusishwa na Thagicu, jina la zamani la upande wa Mlima Kenya ambalo wataalamu hulitumia kwa hii familia yetu yote ya lugha.

Sasa ndio tufike kwa Wasegeju, maana hapa ndipo mambo yanaiva.

Wasegeju wanaonekana kwenye maandishi ya Wareno mapema sana. Miaka ya 1570 tayari wanatajwa kuwa karibu na Malindi, wafugaji wanaoishi kwa maziwa na damu ya ng'ombe. Halafu inafika 1589. Kuna jeshi linaitwa Wazimba lilikuwa limetoka upande wa Zambezi likipanda na pwani. Padri Mreno João dos Santos, aliyechapisha kitabu chake 1609, anasema hao walikuwa wanakula watu. Hapo naweka alama ya kuuliza kubwa, maana wageni walipenda sana kuandika hivyo kuhusu Waafrika. Lakini kwamba walipiga Kilwa, na kwamba Mombasa iliangukia mikononi mwao, hilo limeandikwa vizuri.

Wakafika Malindi. Malindi ilikuwa na Wareno wachache na sultani mwenye hofu. Aliyeokoa mji hakuwa Mreno. Dos Santos mwenyewe anasema walikuja wapiganaji 3,000 wa Kisegeju, wakawapiga Wazimba, na ile safari ndefu ya kutoka Zambezi ikaishia hapo. Baada ya miaka michache haohao Wasegeju wakaingia Mombasa, na mfalme wa Malindi akahamia huko. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Ile ngome tunaendaga kupiga picha na trip ya shule ilijengwa kwenye mji ambao njia yake ilifunguliwa na Wasegeju. Mwongozaji wangu hakuwataja hata mara moja.

Baadaye wakaelekea kusini. Masimulizi ya Vumba, pale upande wa Vanga na Wasini, yanasema Wasegeju waliungana na Wavumba dhidi ya miji ya Washirazi, wakashinda pia. Wakaoana na watu wa pwani, wakawa Waislamu, wakawa na heshima na mashamba. Leo Wasegeju wapo, kuanzia Shimoni mpaka karibu na Tanga mjini.

Lakini ukienda ukasikiza wanaongea nini, ni Kiswahili, ama kitu kilicho karibu sana na Kidigo. Ile lugha waliyoshuka nayo kutoka bara hawana tena. Kulingana na Nurse, lugha hiyo ilikuwa ya familia yetu, na waliobaki nayo ni lile kundi dogo la kule ndani, Bwiti na Daluni. Wadhaiso.

Soma hiyo tena polepole. Ni watu waliotoka mahali pamoja, wakagawanyika makundi mawili. Moja likawa kubwa, likashinda vita, likaoa na kuolewa na wafalme, likaandikwa kwenye vitabu vya Wareno, na lugha yake ikaisha. Lingine likakaa chini ya mlima, halikuandikwa na mtu kwa muda mrefu, na lugha yake ikafika mpaka karne hii.

Mimi nilikua nikiamini lugha hufa kwa sababu watu wake wameshindwa. Wamepigwa, wamekataliwa, wamechekwa. Na kweli hiyo ipo. Shule ya msingi niliyosoma, ukikamatwa ukiongea Kikamba ulivalishwa kibao shingoni mpaka umkamatishe mwingine. Najua wengi wenu mlivaa kitu kama hicho. Kwa hivyo nikiulizwa kwa nini Kikamba changu kina mashimo, jibu langu lilikuwa tayari: ni kile kibao.

Lakini Wasegeju hakuna mtu aliwavalisha kibao. Hakuna mwalimu aliwachapa. Wao ndio walikuwa na mikuki! Kilichotokea ni kitu kitamu: kila mlango uliofunguka mbele yao ulikuwa unafunguka kwa Kiswahili au kwa Kidigo. Biashara, dini, mke, urafiki, cheo. Mtoto akizaliwa na mama wa Kivumba anaongea lugha ya mama, na baba hana shida, maana hiyo ndiyo lugha ya watu wa maana. Mjukuu anajua maneno matatu ya babu. Kitukuu anajua jina la kabila tu. Hakuna siku mtu aliamka akasema leo tunaacha.

Na wale wa Bwiti? Sitaki kuwafanya mashujaa waliokataa kubadilika. Walibadilika sana. Kitabu cha Nurse kimejaa maneno ambayo Kidhaiso kimechukua kutoka Kisambaa, Kibondei, Kidigo na Kiswahili. Mimi naisoma hivi: walikuwa mbali kidogo na ile barabara ya bahari, na kwa vizazi vingi waliendelea kuwa na mtu wa kuongea naye. Jirani wa kugombana naye kwa Kidhaiso, rafiki wa kutaniana naye kwa Kidhaiso. Ni hicho tu, na kiliwatosha karne nyingi.

Mpaka kikaacha kutosha. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, Kiswahili kikawa lugha ya kujenga taifa, na kusema ukweli walifanya kazi nzuri ambayo sisi Wakenya tunaionea wivu. Shule ya msingi Kiswahili, ofisi ya kijiji Kiswahili, redio Kiswahili. Baada ya 1967 hata sensa yao ikaacha kuuliza kabila. Kwa nchi yenye lugha zaidi ya 100 hiyo ilileta amani. Kwa Kidhaiso ilimaanisha kwamba ile barabara ya bahari imefika sasa mpaka mlangoni. Makadirio ya mwisho wa miaka ya 1990 yalikuwa kama watu 5,000, na kila mmoja wao anajua Kiswahili. Watu 5,000 ni wachache kuliko wanaofika Kalundu siku ya soko ikiwa Krismasi imekaribia.

Najua nusu yenu mnaosoma hii mnatazama drama za Korea usiku mpaka saa tisa na mnajua kusalimia kwa Kikorea kuliko kwa Kikamba. Sikuji kuwachapa, hata mimi natazama. Ila kuna Kikorea ambacho hamtakisikia kwenye hizo drama. Mwaka 1937 Stalin aliwapakia Wakorea waliokuwa wanaishi mashariki ya mbali ya Urusi kwenye treni za mizigo, kama watu 172,000, akawatupa Kazakhstan na Uzbekistan. Walikuwa na Kikorea chao, chenye mizizi kaskazini-mashariki ya Korea, kinaitwa Koryo-mar. Wakakibeba mpaka jangwani. Walikuwa na gazeti lao la Kikorea na hata ukumbi wa maigizo. Lakini shule na kazi zilikuwa kwa Kirusi, watoto wakafuata, na leo wanaokijua vizuri wengi ni wazee.

Kinachoniuma zaidi kilikuja baadaye. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991, walimu wakaja kutoka Korea Kusini, na vitabu, kwa nia nzuri kabisa. Wakafundisha Kikorea cha Seoul. Yule nyanya aliyehifadhi Koryo-mar jangwani miaka hamsini na kitu akajikuta anasikika kama mtu anayeongea vibaya. Mjukuu akijifunza Kikorea darasani, bado haelewani na nyanya yake.

Ndiyo maana nataka kusema kitu kabla mtu hajaanza kampeni ya "turudishe Wakamba wetu waliopotea Tanga". Tulia, buda. Wadhaiso si Wakamba waliopotea. Kidhaiso si Kikamba kilichoharibika. Ni ndugu aliyeenda njia yake karne nne au zaidi. Ukienda huko ukaanza kuwasahihisha kwa Kikamba chako, utawafanyia kile Seoul ilifanyia yule nyanya. Na sisi wa Kitui tunajua hiyo hali, maana Kikamba cha vitabu kimeegemea upande wa Masaku, na kila mtu wa Kitui ameshawahi kuchekwa na Mkamba mwenzake kwa vile anaongea.

Sasa turudi nyumbani. Mtu ataniambia, "Wewe unatutisha bure. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba 4,663,910. Tuko na Musyi FM, tuko na Mbaitu FM, tuko na benga mpaka kwa matatu. Kikamba kitakufa aje?"

Kweli, hakifi kesho. Lakini ile stori ya Wasegeju inasema kuwa wengi hakutoshi na kuwa na nguvu hakutoshi. Sensa inahesabu watu waliosema "mimi ni Mkamba". Haikuuliza kama wanaelewa dakika ya tatu ya klipu ya Susu. Mimi nimo kwenye hiyo hesabu. Binamu zangu wa Syokimau wamo. Tukikutana Krismasi tunaongea Sheng na Kizungu, na Kikamba tunakitumia kwa vitu viwili: kumsalimia Susu, "Wakya," "Aaa," na kutania. Redio inaongea na mama zetu. Kati yetu sisi kwa sisi, lugha imeshahamia kwa kiti cha wageni.

Hoja nyingine ni ya pesa. "Kikamba hakinilipii kodi ya nyumba." Sawa kabisa. Wasegeju nao waliona hivyo, na hawakukosea hesabu. Kiswahili kiliwalipa vizuri. Nisingeweza kumwambia kijana wa Vanga wa mwaka 1700 akatae kuongea na mkwe wake. Lakini hawakulazimika kuchagua moja. Watu wa hii pwani na hii bara wamekuwa wakiongea lugha tatu nne tangu zamani. Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea Krapf 1849, alikuwa anapeleka misafara mpaka pwani, na sioni kama biashara ilimdai aache Kikamba. Kujifunza lugha mpya hakujawahi kuwa shida. Shida inaanza pale wawili wenye umri mmoja wanapokosa sababu ya kuongea ile ya zamani.

Kwa hivyo mimi sitawaambia mkaanzishe chama. Sitawaambia mfungie watoto wasijue Kizungu. Nimejiwekea sheria moja tu, na ni ya aibu kidogo: nitaongea Kikamba na watu wa rika langu. Kibovu, chenye mashimo, wacheke. Kuongea na Susu peke yake ni kama kuchaji simu ambayo hutawahi kuitumia.

Na ile klipu nimeimaliza. *Mwee* ni uwele. *Muvya* ni mtama. Maisha yangu yote nilidhani ni kitu kimoja, maana mimi ni mtoto wa *mbemba*, mahindi. *Ikumbi* ni ghala. Kwa *kuthuua* nilikaa sana, kwa sababu Kiswahili changu hakikuwa na neno moja la kutosha. Ni kutoka nyumbani njaa ikiingia, kwenda mbali mahali kuna chakula, na ulicho nacho cha kubadilishana, ili wale uliowaacha waishi. Wanahistoria wanalijua hilo neno. Wanasema safari hizo za njaa ndizo zilifungua njia za biashara za Wakamba mpaka pwani, na wengine walioenda hivyo hawakurudi. Watu wa Rabai na wa upande ule wengi walianza kwa hilo neno.

Nilimuuliza Susu kama kuna waliokwenda kutoka kwetu wakapotea. Akasema hawakupotea, walifika mahali. Akataja majina matatu. Nilikuwa nimesharekodi, simu ilikuwa imewaka.

Kwenye maandishi ya chini, pale anaposema *kuthuua*, sikutafsiri. Nimeacha neno lenyewe likae hapo. Ukitaka kujua maana, muulize mtu wa kwenu akiwa bado anapokea simu.